Nusu saa yangu iko wapi?

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali Zanzibar, na kwa wakuu wa vyuo vyote vya Unguja na Pemba

Assalaam alaykum.

Waheshimiwa, naandika kutoka Wete. Juzi baada ya Laasiri alinijia nyumbani mwanafunzi wangu aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu, simu mkononi, fomu ya kuombea chuo imefunguka kwenye kioo. Alikwishajaza kila kitu: jina, skuli, namba ya mtihani, jina la mama. Amekwama pahala pamoja tu. "Mwalimu, hapa nitie tiki au nisitie?" Nikaisogeza simu mpaka puani, maana mimi ndivyo ninavyosoma. Pameandikwa: Je, una ulemavu wowote? Ndiyo. Hapana.

Huyu binti hasikii. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, sikio moja likafa kabisa, la pili linapata sauti kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Miaka yote amekaa dawati la mbele, anasoma midomo, na akili anayo ya kuwagawia wenziwe. Aliuliza habari ya tiki tu, mimi nikashindwa kumjibu. Nikamwambia aache kwanza, tutazungumza. Nimeona nizungumze na nyinyi kabla yake.

Mimi mwenyewe nilizaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Nilipofanyiwa upasuaji nilikuwa tayari nina miaka saba, na daktari alimweleza marehemu baba kwamba mlango umefunguliwa lakini wenye nyumba wameshahama: ubongo usipozoeshwa kuona utotoni, baadaye haujifunzi tena sawasawa. Ndiyo maana miwani hainifai sana. Rangi naziona, sura ya mtu naijua akinikaribia, ubao ukutani nauona ila maandishi yake siyaoni. Gari ya Konde naitambua ikishanipita.

Kwenye mitihani ya taifa jambo hili halikunisumbua, nami nataka lisemwe kwa sababu wengi hawalijui. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu wake. Mwenye uoni hafifu hupewa karatasi yenye maandishi makubwa, na huongezewa dakika 10 kwa kila saa ya mtihani, kwenye Hisabati dakika 20 kwa kila saa. Kwa hiyo mtihani wa saa tatu mimi nilifanya kwa saa tatu na nusu, na Hisabati kwa saa nne kamili. Sikumwomba mtu. Mwalimu mkuu alipeleka jina langu mapema, na siku ilipofika karatasi yangu ikaja pamoja na za wenzangu. Msimamizi hakuwa ananijua. Muda wa wengine ulipokwisha wakatoka, mimi nikabaki, yeye akavuta kiti akakaa. Nusu saa ile ilikuwa yangu kama kalamu niliyoishika.

Mwaka haujatimia nikaingia chumba cha mtihani cha chuo. Chuo sikitaji, waliokuwepo wanakijua. Karatasi ilikuwa fotokopi ya fotokopi, wino wa mashine unaelekea kwisha, maandishi ya kijivu juu ya weupe uliochoka. Nilikuwa na lenzi yangu ya mkononi, inayokuza maneno mawili matatu kwa mara moja. Kusoma kwa lenzi ni kama kuchungulia chumba kwa tundu la ufunguo: unaona kitasa cha kabati, unaona mguu wa kitanda, chumba kizima unakikusanya mwenyewe kichwani. Swali la mistari sita nililisoma mara tatu ndipo nikajua linataka nini. Saa tatu zilipokwisha nilikuwa nimejibu matatu kati ya matano, na la nne nimeliandikia sentensi mbili.

Nikanyoosha mkono, nikamweleza msimamizi kuwa mimi huongezewa muda. Alikuwa mzee mpole. Akanitazama, akaitazama lenzi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mie huruma ninayo. Lakini hapana pahala palipoandikwa." Akaichukua karatasi yangu, akaiweka juu ya nyengine.

Sina kinyongo naye. Alisema kweli, na barua hii nzima imo katika maneno yake. Mtu yule yule, macho yale yale, kidato cha sita ana nusu saa, chuoni hana. Imepotelea wapi? Baharini, kati ya bandari ya Mkoani huku Pemba na ya Malindi kule Unguja?

Muhula ule nilisapu masomo mawili, yaani nilifeli nikarudia mitihani yake. Na kwenye fomu ya kujiunga nilikuwa nimetia tiki kwenye Ndiyo. Miaka mitatu niliyokaa pale hakuna aliyewahi kunipigia simu kuniuliza: ndiyo ya nini?

Nikupeni na la pili, hili huwa nalicheka sasa. Katika masomo ya ualimu tuliyofundishwa lilikuwemo la elimu mjumuisho, yaani namna ya kuwafundisha wenye ulemavu pamoja na wenziwao. Hendauti yake, yaani karatasi za somo tunazogaiwa, ilikuwa kurasa arubaini na kitu zilizopigwa picha kwa simu kutoka kitabuni, baadhi zimepinda, baadhi kidole gumba cha aliyepiga kimeingia pembeni, zikafungwa faili moja na kutumwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Wenzangu walikuza kwa vidole wakasoma. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kutumia NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kioo cha kompyuta. Waliianzisha Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, mwaka 2006, na mpaka leo inapatikana bure. (Sauti yake ya Kiswahili ni ya mtu aliyejifunza lugha jana kwenye boti, lakini ukiizoea inakwenda.) Programu hii inasoma maandishi. Picha ya maandishi, ikifunguliwa hivi hivi, kwake ni picha tu, haioni neno. Nikafungua faili, nikasubiri, ikaniambia ukurasa mtupu. Nikaenda wa pili, mtupu. Kurasa arubaini za elimu mjumuisho, zote tupu.

Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya, hakujua tu. Angetuma faili alilolichapa mwenyewe, au angelitafuta lile lenye maandishi yanayokubali kunakiliwa, ningelisoma usiku ule ule. Ndiyo njia ya kupima, waheshimiwa, na haihitaji mtaalamu: weka kidole juu ya neno, jaribu kulinakili. Likikubali, asiyeona atasoma. Likikataa, umemtumia picha.

Rafiki yangu wa darasani alikuwa hatembei, anatumia kigari cha magurudumu. Kipindi cha saa mbili asubuhi kilikuwa ghorofa ya pili, na vijana wanne walimpandisha mzegamzega huku kigari kinafuata nyuma. Walimpenda, wakimtania, hawakuchoka. Nilidhani hapo pana raha tupu, mpaka aliponiambia kuwa siku za masomo asubuhi hanywi maji. Choo kiko chini, naye hawezi kuwaita watu wanne kila akitaka kwenda haja. Kijana wa miaka ishirini na mbili, kwa joto la Februari, anashinda na kiu kama yuko Ramadhani, isipokuwa saumu yake haina futari.

Jengo lile lina vyumba vya chini. Vilikuwa vinatumiwa na madarasa ambayo wanafunzi wake wote wana miguu mizima. Kuvibadilisha kulihitaji mtu wa ratiba, kalamu, na dakika tano. Tulikwenda kumwomba. Akasema ratiba imeshatoka.

Rampu, ule mteremko wa kupitishia kigari pasipo ngazi, ilikuwepo kwenye mlango mkubwa, nisiwasingizie. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi pahala pengi ni moja kwa kumi na mbili: ukipanda sentimita moja, uwe umekwenda mbele kumi na mbili. Mlango ulioinuka sentimita 60 unataka rampu ya mita 7 na zaidi kidogo. Yetu haikufika mita mbili. Ilifaa kupandishia magunia ya karafuu, na hata hayo kwa kuyasukuma. Rafiki yangu alikuwa akisema ukiiteremka peke yako unafika kabla ya kigari chako.

Alikuwepo mwalimu mmoja, Mungu amzidishie, aliyetufanyia kila kitu bila ya kuambiwa. Mitihani yangu aliichapa kwa herufi kubwa nyumbani kwake, kwa karatasi zake. Kipindi chake alikihamishia chini ya mwembe, darasa zima tukatoka na viti. Akiandika ubaoni anasema kwa sauti anachokiandika. Mwaka wa pili akaenda masomoni nje, na pamoja naye zikaondoka herufi kubwa, mwembe, na sauti. Aliyepokea darasa alisema hajaachiwa maelekezo yoyote, na kweli hakuachiwa. Wanasema hisani haiozi. Haiozi, lakini huhama. Kila muhula mimi na mwenzangu tulianza upya, mlango kwa mlango, mwalimu kwa mwalimu, tunaeleza ugonjwa wetu kama watu wanaochangisha msikiti. Wapo waliokubali tusijamaliza kusema. Wapo waliotaka tulete barua, hawakusema ya nani. Na yupo mmoja aliyeniambia kama sioni nimejileteani chuoni.

Sheria ninazijua, na nyinyi mnazijua zaidi, kwa hiyo sitakaa sana hapa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara yake ya 24 inaitaja elimu ya juu waziwazi, na Ibara ya 2 inasema kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni kumbagua. Sisi wenyewe Zanzibar tulitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, na 2022 tukatunga mpya. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar ulianza 1985, mimi bado sijazaliwa. Sheria zipo, lakini zimekaa juu na yule mzee msimamizi yuko chini, na katikati pana ngazi kama zile za rafiki yangu.

Najua jibu la mwanzo litakuwa bajeti. Mkataba wenyewe umeliona hilo, unasema marekebisho yasiwe mzigo uliopindukia. Basi tuhesabu. Nusu saa ya msimamizi kukaa kitini ni shilingi ngapi? Kuongeza ukubwa wa herufi kutoka 12 hadi 20 kunamaliza karatasi chache zaidi. Kutuma hendauti siku mbili kabla ya kipindi ni bure. Chumba cha chini ni bure. Mambo mengi tuliyoyakosa yalikuwa ya bure, na ndiyo yanayouma, maana lisilokuwepo kwa umaskini mtu anavumilia.

Yapo ya gharama, sikatai. Mashine ya kuchapa nukta nundu, maandishi ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole, ni ghali. Mkalimani wa lugha ya alama analipwa mshahara, na kwa kipindi cha saa mbili mmoja hatoshi: kufasiri kunachosha mikono na kichwa, kwa hiyo wakalimani hupokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini. Anataka pia apewe hendauti mapema, kwa sababu maneno ya kitaalamu ya uchumi au biolojia mengi hayana alama iliyozoeleka, itabidi yeye na mwanafunzi wakubaliane kabla. Haya yanataka kupangiwa fedha, na fedha hazipangwi kwa mtu ambaye hajulikani kuwa atakuja. Ile tiki kwenye fomu ingekuwa na kazi, ingekuwa hapa.

Na mwanafunzi wangu huyu wa fomu hata mkalimani hamhitaji, lugha ya alama hakuikulia. Anahitaji mwalimu asizungumze huku amegeukia ubao. Hilo tu linampa nusu ya somo. Nusu ya pili aipate kwa notsi za maandishi, na kwa mtu wa kumwambia kuwa kipindi kimesogezwa, maana matangazo ya darasa siku hizi ni ujumbe wa sauti kwenye simu, na yeye ujumbe wa sauti anauona kama msitari wenye mawimbi.

Wapo pia wasioonekana. Mwenye siko seli anaonekana mzima Jumatatu, Jumatano amelazwa anachomwa sindano za maumivu, Alhamisi kuna tesiti. Chuo kinamwandikia sifuri, baadaye anahangaika na cheti cha daktari dirisha hadi dirisha. Mwenye kifafa naye hana kigari wala lenzi ya kumwonyesha mtu.

Nimewahi kuambiwa, na aliyeniambia ni mwalimu ninayemheshimu, kuwa mlango huu ukifunguliwa watapita na wazima, kila mtu atakuja na jicho linalomuuma wiki ya mitihani. Hofu yake naielewa, nimefundisha vya kutosha kuwajua vijana. Lakini ndiyo sababu ninataka jambo hili liandikwe mwanzo wa mwaka, kwa cheti cha hospitali na kwa mtu anayejua kukisoma, lisiachiwe msimamizi aamue mlangoni kwa kutazama uso. Huruma ndiyo inayodanganyika kwa urahisi. Wala hatuombi maksi. Swali liwe lile lile, lisahihishwe kwa kipimo kile kile, ila nilione.

Ninachokiomba ni kidogo. Mwanafunzi akitia tiki, awepo mtu mwenye kazi hiyo, si mtu anayeifanya akipata nafasi, ampigie kabla hajapanda boti. Wakae, waulizane unasomaje, unaandikaje, unapandaje ngazi. Yatakayokubaliwa yaandikwe karatasi moja, itiwe sahihi na mkuu wa chuo, iende kwa kila mwalimu wake na kwa ofisi ya mitihani na kwa mtu wa ratiba. Isitaje ugonjwa, ugonjwa ni siri yake. Itaje dakika ngapi, herufi za ukubwa gani, chumba cha wapi. Mwalimu akienda masomoni, karatasi inabaki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalum kwa miaka mingi sasa, na Dar ni safari ya boti tu. Tumeshakwenda kujifunza mambo mbali zaidi ya hapo. Na wa kuwauliza hawako mbali: Jumuiya ya Wasioona, Chama cha Viziwi, na wengine, wote wapo hapa hapa. Waiteni kabla ya kumwaga zege, wasiitwe siku ya kukata utepe.

Lawama nyengine ni yetu. Muhula wangu wa kwanza ulikuwa umeingia wiki ya sita nami bado naficha lenzi ndani ya mkoba, naitoa chooni. Mama aliniusia nisiseme, watu watanidharau, sitaposwa. (Nimeolewa, mama alikuja kucheka mwenyewe.) Wazazi wengi huku kwetu bado wanawaambia watoto wao hivyo, na wazee hao si wajinga. Wameona wanaosema hawapati kitu zaidi ya kuangaliwa. Mtu hatoi siri yake kwenye fomu inayoimeza ikanyamaza.

Kwa hiyo narudi kwa binti. Jana usiku ameniandikia: "Mwalimu, maombi yanafungwa wiki ijayo." Kila kitu kimejazwa, kimebaki kile kiboksi. Nikimwambia asitie, nitakuwa nimemfundisha alichonifundisha mama. Nikimwambia atie, ataniuliza nani atampigia, kwa namba gani, lini, naye huyo mpigaji ajue kuwa kwa binti huyu bora atume maandishi, maana simu haisikii.

Majibu hayo ninayangoja kwenu. Yeye nimemwambia anipe mpaka Jumatatu.

Wassalaam,
Mwalimu wa sekondari, Wete, Pemba